Mama Mkwe na Mlango wa Pichani

Mgonjwa ambaye hajakanyaga chini tangu kiharusi kimwangushe hana pa kupatia vumbi nyayoni. Hilo halihitaji kusomea. Kwa hiyo asubuhi ile mpiga picha alipofunua shuka amuogeshe mama mkwe wake, akakuta nyayo zote mbili zimejaa vumbi jekundu mpaka katikati ya vidole, alikaa pembeni ya kitanda na beseni mapajani mpaka maji yakapoa.

"Mama," alinong'ona, "nani amekushusha?"

Bibi kizee akacheka kwa upande mmoja wa mdomo, ule uliosalia. "Wewe, mwanangu. Si umenitundikia njia?"

Majirani walimwita mpiga picha huyu Mguu Njia, maana leo yupo, kesho keshatokomea na begi la kamera. Picha zake zilinunuliwa na magazeti na kampuni za watalii, lakini mtazamaji aliyemjali kuliko wote alikuwa huyu wa kitandani. Kila alipotoka safari alichapisha picha kubwa kubwa, mumewe akazitia fremu katika karakana yake hapo sebuleni, kisha yeye akazitundika kuzunguka chumba cha mgonjwa. Hakuanza na mandhari ya kupendeza. "Picha moja nzuri haimfikishi mtu popote," alipenda kusema. Alianza na kiatu chenye matope, kisha kona inayoficha kilicho mbele, kisha mzee anayerudi huku wewe ndiyo kwanza unakwenda, kisha kivuli chenye watu waliochoka, na mwisho kabisa pa kuingilia. Mama mkwe alizifuata kwa macho moja baada ya nyingine, na akifika mwisho alihema kama aliyepanda mlima kweli.

Safari ya karibuni ilikuwa ya kijiji kilichohamwa, juu ya mlima mkavu. Njia yote aliipata vizuri. Alichokosa ni picha ya kufika. Nyumba zilikuwa marundo ya mawe, isipokuwa moja, isiyo na paa lakini yenye mlango wake wa mbao. Mwenye punda aliyembebea mizigo akaziba lenzi kwa kiganja.

"Dada, piga mawe, piga mbuzi, nipige hata mimi na ubaya wangu huu. Mlango ule uache."

"Una nini?"

"Wenyewe wamo. Hawatoki kwa kuwa hakuna anayeingia. Ukiupiga picha, umewapelekea mlango mpaka kwa watu."

Mguu Njia alicheka. Akangoja mwenye punda ageuke kukaza kamba, akapiga. Mwanga ulikuwa mzuri mno kuuacha. Na picha hiyo ndiyo aliyoitundika mkabala na mto wa mama mkwe.

Alipomweleza mumewe habari za vumbi, fundi fremu hakuinua macho. "Nyumba ina msasa na mbao, wewe unashangaa vumbi?"

"Jekundu?"

"Mke wangu, nina kazi."

Siku zilizofuata chumba kikaanza kunuka majivu yaliyomwagiwa maji. Alasiri, nyumba ikiwa imetulia, ilisikika bawaba ikilia kwa kujivuta, na chumba kile hakikuwa na mlango, kilikuwa na pazia. Mgonjwa naye akachangamka, mashavu yakarudi.

"Kule miguu ninayo," alimwambia mkwewe kwa siri, kama msichana anayesimulia mchumba. "Natembea mpaka nachoka, mwanangu. Kuchoka kutamu! Pale mlangoni kuna mwenyeji ananipisha. Mimi nikiingia, yeye anatoka. Ana adabu, hata bega halinigusi."

"Anatoka kwenda wapi, mama?"

Bibi kizee akaigeukia picha. "Sikumuuliza."

Kesho yake alasiri Mguu Njia alipeleka uji. Alisukuma pazia kwa kiwiko, akamkuta mama mkwe ameelekeza uso kwake, anatabasamu, na ilimchukua muda kung'amua kilichomfanya asimame pale na bakuli likimuunguza vidole, kwa sababu lilikuwa tabasamu la kawaida kabisa, la bibi yeyote anayeletewa uji, ila lilikuwa limeenea midomo yote, kushoto na kulia, kwenye uso ambao nusu yake ilikuwa imekufa, na macho yaliyo juu ya tabasamu lile hayakuwa yakimtazama yeye bali yalikuwa yakimpima, polepole, kuanzia nyweleni hadi miguuni, kama mtu anavyopima nguo ya dukani kabla hajaomba kuijaribu.

Akaweka bakuli chini. Akafunua shuka kwa ncha za vidole. Nyayo zilikuwa safi.

Mganga aliyeletwa alikuwa mama mfupi mwenye miwani ya kusomea. Alinusa picha ya mlango, akajifuta pua, akawavuta wote wawili karakanani, akasema kwa sauti ya chini:

"Mgonjwa wenu yuko ndani ya ile nyumba. Kitandani kuna mpangaji. Anayeweza kumrudisha ni mtoto aliyemzaa tu." Akamgeukia fundi fremu. "Simama mbele ya picha umwite. Akirudi, atarudi na vumbi lake nyayoni. Hapo ichome, mlango ufe. Lakini ukiona nyayo safi, kijana wangu, usiguse kiberiti. Utakuwa umemfungia mama yako nje ya dunia."

Fundi fremu alisimama mbele ya picha. "Mama!" aliita. Bawaba ikalia. Harufu ya majivu ikajaa chumba. "Mama, rudi!" Kutoka mbali, mbali sana, ikasikika kandambili ikiburuta kwenye changarawe, mtu mzima akijitahidi kukimbia.

Ndipo kitandani mkono uliokufa ukanyanyuka, na fundi fremu alipoinama ukampapasa shavu.

"Naam, mwanangu," sauti ikasema, nyororo, bila kigugumizi cha ugonjwa. "Nipo. Nimepona."

"Miguu!" Mguu Njia alipiga kelele. "Tazama miguu kwanza!"

Mumewe hakutazama. Alikuwa analia kama mtoto, na njiti ilikuwa imeshawaka. Picha ikakunjamana, na ndani ya moto ule kandambili zikakoma.

Mama akashuka kitandani, akajinyoosha, akatembea hadi dirishani kwa nyayo zake nyeupe.

Mganga aliondoka bila kuaga. Mguu Njia akafungua kamera ili achapishe upya; mlango haukuwemo, pichani ukuta ulikuwa mtupu. Basi akafunga begi, akapanda tena ule mlima. Mwenye punda alimfikisha nusu ya njia, akakataa kwenda zaidi. Mlango ulikuwepo, umeungua pembeni. Hakuona mtu. Alipiga picha moja, akakimbia bila kugeuka.

Ilipochapishwa, mama mkwe alikuwa ameketi kizingitini, miguu imekunjwa vibaya chini yake, mdomo umepinda kama zamani, kiganja kimenyooshwa kwa aliyeshika kamera.

Akaipeleka karakanani. "Mwite," alinong'ona. "Mume wangu, bado anangoja. Mwite."

Fundi fremu aliitazama kwa muda mrefu. Kutoka jikoni zilisikika sufuria na mtu akiimba.

"Ulijua," mkewe alisema. "Tangu siku ile ulijua."

"Yule alikuwa haniachi nilale," alijibu taratibu. "Nigeuze, nifute, nipe maji. Miaka yote hiyo. Huyu anapika. Huyu anacheka." Akamnyang'anya picha. "Wewe ulikuwa safarini."

Akailaza kifudifudi kwenye fremu, uso ukielekea ubao, akaweka ubao mwingine juu yake, akachukua nyundo. Baada ya msumari wa kwanza, kwa ndani ikasikika sauti iliyochoka, yenye kigugumizi, ikimwita kwa jina la utotoni. Mkewe akamrukia kumshika mkono. Mumewe akamsukuma hadi ukutani.

"Mwanangu," aliyekuwa jikoni akauliza, "nipakue?"

"Pakua, mama," fundi fremu akajibu kwa sauti kubwa, kubwa kupita ile ya ubaoni, akachukua msumari mwingine.