Kadi za Kasulu

"Haipo," Venanti alisema, akichomoa sindano kwenye kadi. "Mama, jina lako halimo humu."

"Litakosaje? Nilipimwa kichwa Kasulu mwaka juzi, nikafungwa nyaya mpaka hereni zikanasa. Nimekula vumbi la basi mpaka Kibondo, leo unaniambia simo?"

Bi Adija alikuwa muuza vitenge, na kubishana ndiko kulikompa ugali. Venanti, fundi wa mashine ya kupima mawimbi ya ubongo, akamgeukia karani wake.

"Winifrida, nimefuata mwongozo wako neno kwa neno. Nimekosea wapi?"

Winifrida alikuwa ameinamia taipureta, akijifanya hajasikia.

Mwaka ulikuwa 1976. Hospitali hiyo ya misheni ilikuwa na mabunda mia nne ya karatasi zilizochorwa mawimbi ya vichwa vya watu, na kila bunda lilikuwa na kadi yake yenye matundu pembeni. Ukipitisha sindano ya kufumia sweta kwenye tundu la ugonjwa fulani, ukainua, kadi za wenye ugonjwa huo, ambazo tundu hilo limekatwa wazi hadi ukingoni, zinadondoka zenyewe mezani, nawe unapata orodha yako. Daktari Leonidasi alitaka mwongozo ambao hata mgeni angeweza kuufuata. Winifrida akaandika hatua kumi na moja, safi kabisa.

Ya kumi na mbili aliiacha makusudi. Kadi za zamani, za kabla mashine haijahamishwa kutoka Kasulu, zilikuwa kwenye kisanduku cha bati juu ya kabati, na mojawapo ilikuwa yake. Kifafa. Alikuwa akimeza vidonge kila siku, mwaka wa tatu huo hajaanguka, na Venanti, mchumba wake, hakujua lolote. Kuichana kadi mkono ulimkatalia. Kutoitaja tu kulikuwa rahisi, akajidanganya kwamba hamdhuru mtu.

Halafu simu ya maandishi ikamfikia Venanti: JUMAMOSI TUNAKWENDA KUPOSA. NJOO. THARSISI.

Tharsisi alikuwa baba mkubwa wa Venanti, na wazee kama yeye hawaposi kabla ya kuulizia magonjwa ya ukoo. Winifrida alikimbilia posta kumpigia shangazi yake Epifania, aliyemlea kule Kasulu.

"Funga mdomo, mwanangu," shangazi alimjibu. "Ukishazaa watakufanya nini?"

Na sasa huyu hapa Bi Adija, ameketi na mkoba magotini.

"Tungekupima upya," Venanti alimwambia, "lakini karatasi za mashine zimekwisha mpaka mwezi ujao. Bila ile ya zamani, daktari hana cha kulinganisha. Hawezi kukubadilishia dawa."

Bi Adija hakubisha tena. Alikunja mkono wa gauni, wakaona kidonda kibichi cha moto.

"Juzi nimeangukia jiko la maandazi. Hadi mwezi ujao nitaangukia wapi, mwanangu?"

Winifrida alipanda kiti, akakishusha kisanduku.

"Ziko huku," alisema. "Niliacha hatua moja. Pitisha sindano."

Kadi sita zilidondoka. Ya Bi Adija ilikuwa ya pili, naye akapelekwa kwa daktari huku akinung'unika kwa furaha. Venanti aliokota ya mwisho, akaisoma, akairudia.

"Huyu ni wewe."

"Ni mimi."

"Mwaka mzima tunakula sahani moja, Winifrida."

"Nilitaka uendelee kunipenda. Hilo tu. Sasa waambie wazee wasije."

"Nimekasirika," Venanti alisema polepole. "Si kwa ugonjwa. Kila siku nawafunga nyaya watu hawa hawa. Ulidhani nawaonaje?"

Hapo Winifrida akalia, kilio cha mtu aliyechoka kubeba. Venanti alimwacha alie, kisha akamsogezea taipureta.

"Andika hatua ya kumi na mbili. Halafu twende tukale."

Jumamosi, Kasulu, wageni waliketi mkekani kwa Epifania. Winifrida, kama desturi itakavyo, alikuwa chumba cha ndani akisikiliza.

"Kabla hatujafika mbali," Mzee Tharsisi alisema, "kwenu hakuna kifafa?"

"Sisi ni wazima, mzee," Epifania alijibu.

Pazia lilifunguka. Winifrida alipiga magoti, akapiga makofi ya salamu.

"Shangazi ananificha kwa mapenzi. Ninacho, baba. Namshukuru Mungu na vidonge, mwaka wa tatu sijaanguka. Lakini naweza kuanguka kesho."

Mzee alimgeukia Venanti. "Ulijua?"

"Nilijua, baba mkubwa."

"Hukutuambia."

"Lilikuwa lake kusema."

Mzee Tharsisi alishusha macho mkekani.

"Dada yangu aliangukia mtoni akifua," alisema. "Maji hayakufika magotini. Tulisimama tukatazama. Tuliambiwa povu linaambukiza."

"Haliambukizi, baba."

"Naambiwa leo." Alijifuta uso. "Venanti ukiwa kazini, nani atamshika huyu?"

Mzee akavua kofia, akajilaza chali katikati ya mkeka.

"Haya, mimi nimeanguka. Tuonyeshe, binti. Nyote tazameni."

Winifrida alimsogelea. Akamgeuza ubavu taratibu, akakunja kitenge chake na kukiweka chini ya kile kichwa cheupe.

"Hivi. Msimtie kitu mdomoni. Halafu mnakaa naye mpaka azinduke."

"Mnakaa naye," mzee alirudia, macho kayafumba, machozi yakimtoka. Hakuonekana kuwa na haraka ya kuinuka. "Epifania, taja siku ya harusi."