Gonga Mara Mbili Nishuke

Siku hiyo nilikuwa nafua blanketi. Naanza hapo kwa sababu watu wakimkumbuka Mwongera huanza na mlima au na mbwa wake, na mimi najua habari yake iliharibikia kwenye karai langu. Wengine husimulia mambo kama haya wakisema yalimpata shangazi wa mtu fulani. Haya yalinipata mimi, Kananu, Mama Kendi kwa majirani, na nyumba yangu iko papa hapa Githongo, ya mwisho kwenye laini ya maji.

Mwongera alikuwa jirani yangu kwa miaka kumi na tisa, na sikuwahi kuona kitu kilichomshinda kutengeneza. Alifufua kinanda cha kanisa kwa waya wa redio. Alimng'oa shemeji yangu jino kwa koleo. Halikuwa lile bovu, lakini lilitoka zima. Aliwahi kuvuka mlima kwa miguu hadi Naro Moru, upande wa pili, na mkate mmoja na mbwa watatu, kwa sababu tu mtu alimwambia haiwezekani. Mbwa hao, Bosco, Tiger na Meneja, alikula nao na kulala nao. Hakuwahi kuoa. "Nani atakubali kuwa wa nne?" aliniuliza, akacheka mpaka chai ikamwagika.

Yeye ndiye aliyetunza bomba letu la chuma, kutoka kwenye tangi la ukingoni mwa msitu. Kule juu simu haishiki, kwa hivyo tulikuwa na mtindo wetu. Bomba likiziba, alipanda na mbwa wake, akazibua, kisha akagonga chuma kwa spana mara tatu. Mlio ulishuka hadi kwenye mfereji wangu. Kama maji yamefika, nami nilichukua jiwe nikagonga mara mbili: yamefika, shuka. Hapo alifungua valvu ya majirani wa upande wa pili, maji yangu yakapungua, naye akarudi. Nikinyamaza, alijua bado kumeziba, akapanda zaidi hadi kwenye chanzo, korongoni.

Alhamisi hiyo ya Aprili maji yalifika saa nane mchana, kwa nguvu. Mwongera akagonga mara tatu. Nilikuwa na blanketi nne na mapipa matatu matupu. Nikajiambia, acha nijaze kwanza. Akagonga tena. Nikanyamaza. Mara ya mwisho aligonga polepole, na mvua ikaanza.

Walimpata Jumamosi chini ya korongo, mbwa wamemzunguka, hawataki aguswe. Kwenye mazishi Thuranira, mwenyekiti wa kamati ya maji, alisema kwa maikrofoni kwamba marehemu aliponzwa na ujasiri wake. Nililia kuliko Joyline, dada yake wa tumbo moja. Watu wakanisifu kwa moyo wangu. Nilijichukia.

Joyline alijaribu kuwachukua mbwa, wakakataa. Walikuja kukaa kwangu, kando ya mfereji, wakitazama mlima. Nikawapa ugali. Waliula, lakini hakuna hata mmoja aliyeniangalia usoni.

Mwezi wa sita kamati iling'oa chuma chote na kulaza bomba la plastiki. Kwangu kilibaki kipande kimoja tu cha chuma, pale mfereji unaposimama.

Kisha ikaja siku moja ya Julai, ukungu umeshuka hadi kwenye mashamba ya kahawa. Nilikuwa nachagua maharagwe. Saa nane mchana mfereji ukagonga. Mara tatu.

Mbwa wakasimama.

Nilimpigia Thuranira simu. "Chairman," nikanong'ona, "kuna mtu anafanya kazi kwa tangi?"

"Leo? Hapana, Mama Kendi. Na hii ukungu nani atapanda? Kwani maji imepotea?"

"Maji iko. Nasikia mtu anagonga bomba."

"Hiyo ni plastic, Mama Kendi. Plastic haiwezi gonga."

Kesho yake, saa nane, ukagonga tena. Na kesho kutwa yake. Kila siku polepole zaidi. Sikulala. Nilimwona akilini mwangu kule juu, amelowa, spana mkononi, akingoja mtu ambaye alikuwa anamsikia vizuri kabisa. Siku ya nne nilishindwa. Nilichukua jiwe, nikagonga mara mbili.

Ndipo nikakumbuka kitu ambacho kilinifanya niangushe jiwe. Mwongera akishuka mlimani, hakuwa akienda kwake kwanza. Alikuwa akipitia kwangu, jikoni, kukaa kwenye kigoda na kunywa chai.

Mbwa walitoka mbio wakaingia kwenye ukungu. Hawakubweka. Walilia kwa ile sauti nyembamba ya mbwa aliyemwona bwana wake. Kisha wakarudi wakitembea pole, mikia ikitikisika, wawili upande huu na mmoja upande ule. Katikati yao palikuwa na nafasi. Wote walikuwa wametazama juu, kwenye nafasi hiyo.

Nilirudi nyuma hadi mlango wa jikoni, wakanipita hapo. Baridi ikapita nao. Wakalala mbele ya kigoda kilicho kando ya jiko. Kigoda kilikuwa kitupu. Maji yakaanza kudondoka kutoka juu yake. Tone. Tone.

Nilibana mgongo ukutani.

"Mwongera," nikanong'ona. "Ile siku maji ilikuwa imefika. Ilifika saa nane. Nilikusikia."

Mikia ikaacha kutikisika. Yote mitatu, kwa pamoja. Kisha mbwa wakageuza vichwa, taratibu, wakanitazama.

Hakuna aliyenigusa. Baadaye waliinuka, wakatoka, wakaelekea msituni, na tangu siku hiyo hakuna mtu aliyewaona tena, si hapa wala kule Kariene.

Kigoda nilikianika juani wiki nzima. Kinakauka. Ikifika saa nane kinalowa tena, na maji yake ni ya baridi kali, yana mchanga mweusi wa korongoni. Thuranira alikuja akakishika kwa mkono wake, akajifuta kwenye suruali, akaenda bila kuaga. Mimi huketi sakafuni mbele ya kigoda hicho, naomba msamaha, kisha nanyamaza nisikilize. Hanijibu.