Kitoroli cha Pacha

Kila nikirudi kutoka shule nilivua viatu, nikala chakula kilichofunikwa mezani, kisha nikafagia ua. Nilifagia kuizunguka Pacha, boti ya baba. Ilikuwa mashua mbili nyembamba za mbao laini, zilizounganishwa kwa boriti mbili. Baba alimaliza kuipaka rangi, akaugua, na wiki tatu baadaye tukamzika. Sikulia. Majirani walisema nina moyo mgumu. Si kweli. Nilikuwa sisikii kitu, kama mguu uliokufa ganzi.

Likizo ilipoanza, alikuja shangazi yangu, dada yake baba. Yeye ni seremala.

"Siafu!" aliniita. Ndilo jina langu la nyumbani, maana nikishika kitu siachii. "Hii boti inangoja kuku waje kuatamia ndani?"

"Nzito, Shangazi."

"Basi tuitengenezee kitoroli, tuishushe majini."

Mama alikuwa anaanika nguo. "Ishusheni," alisema bila kugeuka. "Lakini ikivunjika, itakuwa kuni. Sina moyo wa kuiona ikiundwa upya."

Fundi baiskeli wa jirani alitupa magurudumu mawili ya toroli na bomba la chuma la kuyaunganisha. Shangazi alichonga magogo mawili yenye bonde juu, kila mashua ilale kwenye lake, tukayavisha zulia kuukuu. Mimi nilipewa kazi ya kupima nafasi ya kutoka mashua moja hadi nyingine.

Nilitumia futi ya baba. Futi ile ilikatika ncha zamani. Huanzia kwenye sentimita ya kumi. Nyumbani kwetu kila mtu anajua: ukishasoma, toa kumi. Nilisoma mia moja na hamsini, nikaandika mia moja na hamsini, na Shangazi akayafunga magogo kwenye bomba kwa bolti, akiyapima kwa futi yake nzima.

Nilikumbuka jioni, bolti zikiwa zimeshakazwa. Nikapima tena. Magogo yalikuwa yameachana kwa sentimita kumi zaidi. Shangazi alikuwa ananawa mikono, anaimba. Ningeweza kumwambia. Hata woga sikuusikia. Niliona uvivu tu wa kufungua mdomo. Nikaongeza vipande vya zulia juu ya magogo, nikaenda kulala.

Asubuhi tulipandisha Pacha juu ya kitoroli. Fundi baiskeli alishika mbele, Shangazi na mimi nyuma. Mama alitufuata kwa mbali. Barabarani mambo yalikwenda vizuri. Tulipofika kwenye mteremko wa mawe unaoingia majini, zulia likaanza kuteleza. Mashua ya kushoto ikalia kwaa!

Sauti ile niliisikia mpaka tumboni. Nilimwona baba akilini, akiupiga msasa ubao huohuo.

"Simameni!" nilipiga kelele. "Vipimo si sahihi! Sikutoa kumi! Nilijua tangu jana!"

Fundi baiskeli aliweka jiwe chini ya gurudumu. Mama alikuja mbio, akapapasa ubavu wa Pacha. Rangi ilikuwa imechubuka, upana wa kiganja. Ubao ulikuwa mzima.

Shangazi hakunigombeza. Alichukua spana, akalegeza bolti, tukasogeza kila gogo ndani sentimita tano, tukakaza. Kazi yenyewe haikufika nusu saa. Pacha ikalala kwenye mabonde yake, ikashuka taratibu, ikaelea.

"Umeona?" alisema Shangazi. "Kukosea kipimo ni jambo la spana. Kunyamaza ndiko kulikotaka kutuvunjia boti. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Ukikosea, sema palepale, hata kama huna hamu ya kusema."

"Nisamehe, Shangazi."

"Nimekusamehe. Unajua nani aliikata hiyo futi? Baba yako, akiwa na umri kama wako. Aliikata kwa msumeno, akanyamaza. Babu yako akatengeneza mlango mzima usioingia kwenye fremu!"

Mama alicheka. Tangu msiba sikuwa nimemsikia akicheka. Nami nikacheka, nikimwona baba mdogo amejificha nyuma ya mlango ule, na katikati ya kicheko machozi yakaanza kunitoka. Yalitoka mengi. Mama alinikumbatia, maji yakitufikia magotini, na Shangazi akaishika kamba ya Pacha mpaka nikamaliza.