Nguo Mbichi za Namakwekwe

Maneno yenyewe Juwairiya aliyasikia bombani, mtaani kwao Walukuba, jerikeni yake ikiwa ya tano kwenye foleni.

"Mashine ya kufulia ya mdogo wake Hajara kule Mbale inatia watoto funza," alisema jirani yao Namukose, huku akikaza kitenge kiunoni. "Nguo zinaingia chafu, zinatoka na ugonjwa. Kuna mtoto ana majipu mgongoni. Ukilikamua jipu, anatoka mdudu mweupe, anacheza!"

"Mashine inatotoa?" akauliza mwingine. "Basi atie mayai ya kuku, tupate vifaranga!"

Wanawake wakacheka. Juwairiya hakucheka. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na wiki moja tu ilikuwa imepita tangu arudi kutoka Namakwekwe, mtaa wa Mbale, alikokwenda likizoni kumsaidia mama yake mdogo, Shakira, kazi ya udobi. Maneno ya Namukose yalimng'ang'ania kama kupe kwenye sikio la ng'ombe. Alipochota maji yalikuwepo. Alipokula posho ya mahindi yalikuwepo.

Nyumbani alimkuta mama yake, Hajara, ameinamia beseni. Hajara alikuwa dobi wa mikono, na sabuni ilikuwa imempasua vidole. Kwa muda mrefu alitaka mashine, ila chumba chao kilikuwa kimoja na kidogo. Alikuwa amepima pembe iliyo kati ya kitanda na kabati kwa uzi, akafunga fundo mahali pa mwisho. Shakira alikuwa amempigia simu: "Dada, nunua hii yangu. Inafua na kukausha humo humo. Mashine mbili utaziweka wapi, juu ya mto?"

Hajara hakuwa na imani na maneno hayo. "Ng'ombe mwenye maziwa hauzwi bila sababu," alisema, akikamua shuka. "Juwairiya, wewe ulikaa na hiyo mashine wiki mbili. Uliona nini?"

"Hakuna, Mama."

"Mbona unanijibu huku unaitazama ndoo?"

Juwairiya akaisogeza ndoo kwa mguu. Hajara akamtazama, akasema, "Sawa. Jumamosi tunakwenda Mbale. Macho yangu hayajakopeshwa mtu."

Jumamosi mvua ya mlima Wanale ilikuwa imenyesha tangu alfajiri, na vichochoro vya Namakwekwe vilikuwa tope tupu. Shakira aliwapokea kwa furaha, akamimina chai. Hajara hakuigusa. Aliizunguka mashine iliyokuwa pembeni mwa chumba kama mnunuzi wa mbuzi anayetafuta kovu. Alinusa mpira wa mlango. Alipima upana kwa uzi wake.

"Inaenea," alisema. "Sasa ijaze."

"Dada, ndiyo kwanza umeshuka garini. Kunywa chai."

"Chai itanisubiri. Ijaze kama unavyoijaza siku zote."

Shakira aliijaza nguo mpaka mlangoni, akabonyeza. Mashine ikaanza kunguruma. Walikaa saa moja, saa mbili, saa tatu. Hajara akaanza kuhesabu kwa sauti nguo ambazo angekuwa ameshazifua kwa mkono.

Ilipokuwa bado inazunguka, aliingia jirani na mteja aliyeitwa Jaliah, mwanawe Muhamad mgongoni na mfuko wa nepi mkononi. Mfuko aliutupa sakafuni.

"Mama Muhamad, karibu," alisema Shakira.

"Sikuja kukaa. Mtoto wangu ametolewa wadudu watatu kituo cha afya. Watatu, Shakira! Nesi akaniuliza, nguo zake zilianikwa wapi? Nikamwambia hazianikwi, zinakaushwa na mashine. Akakataa. Anasema kuna inzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi zilizoanikwa kivulini. Mtoto akivaa, mayai yameshatotoa, mdudu anaingia kwenye ngozi. Sasa sema mbele ya wageni hawa. Zilianikwa, hazikuanikwa?"

"Mashine inakausha yenyewe. Wallahi nakwambia..."

"Usiape," alisema Hajara.

Mashine ilikuwa imesimama. Hajara alifungua mlango. Nguo za juu zilikuwa na joto, kavu mtu angesema. Alichomeka mkono mpaka chini kabisa, akavuta leso moja, akaikamua. Matone yakadondoka kwenye kiatu cha Shakira.

"Hii ndiyo kavu yenu ya Mbale?"

Shakira akaketi. Sauti yake ilipungua. "Fundi aliniambia. Inafua pipa lake zima, lakini inakausha nusu tu. Ukimaliza kufua, unatoa nusu, unakausha iliyobaki, halafu zile ulizozitoa. Sasa mvua hii, na wateja hawa, nitamaliza lini? Nilikuwa nazitoa hivyo hivyo mbichi, naanika nyuma ya nyumba, kwenye migomba."

"Kivulini," alisema Jaliah.

"Kivulini. Lakini zote zilipigwa pasi! Pasi ya moto inaua mayai, hilo tunalijua sote tangu utoto. Juwairiya alipiga zote. Niliziona mwenyewe, zimekunjwa vizuri."

Juwairiya alihisi masikio yakiwaka. Umeme ulikuwa ukikatika kila siku likizo ile, ikabidi atumie pasi ya makaa. Kuwasha makaa kunachosha, na nje Natasha, binti wa jirani, na wenzake walikuwa wakicheza kwepena, mchezo wa kukwepa mpira, na kumwita kwa jina. Mashati alipiga, maana kola zinaonekana. Nepi alizinyoosha kwa kiganja, akazikunja. Nani anakagua nepi? Mama mdogo alipouliza, alijibu, "Ndiyo, nimepiga."

Hakuna aliyemwona. Angenyamaza tu, mambo yangepita.

Jaliah alikaa kwenye ukingo wa kitanda. Hasira ilikuwa imemwisha, na sasa alikuwa akilia. "Kama pasi ilipigwa, basi ni mimi," alisema. "Labda mimi ndiye niliyemvalisha kitu kibaya nyumbani. Mimi, mama yake mzazi, nimemuumiza mwanangu kwa mikono yangu."

"Siyo wewe," alisema Juwairiya.

Wote wakageuka.

"Nepi sikuzipiga pasi. Nilizikunja tu. Nilisema nimepiga, nilidanganya. Nilitaka kwenda kucheza."

Juwairiya alisubiri kofi, lakini halikuja. Jaliah alimfungua mtoto, akamgeuza mgongo, akaonyesha vidonda vitatu chini ya mgongo, pale nepi inapofungwa, vimefungwa bandeji.

"Njoo uone," alisema. "Mguse polepole. Alikuwa halali usiku."

Juwairiya alipomgusa, Muhamad alijikunja na kulia. Kilio hicho kilimwingia kuliko kofi lolote.

Mchana ule aliwasha makaa mwenyewe. Alipiga pasi nepi zote za mfuko ule, mbele na nyuma, mpaka kwenye mishono. Shakira alivaa buti akapita nyumba kwa nyumba akiwaambia wateja ukweli na kuwaomba wapige pasi nguo upya. Wawili walimfukuza. Wengine walimlaumu, wakamsamehe. Jaliah alichukua nepi zake bila kusema atarudi au hatarudi.

"Na wewe ulitaka kuniuzia kasoro," Hajara alimwambia mdogo wake jioni.

"Nilitaka kuiondoa kabla haijanimaliza, dada. Nisamehe."

"Mashine haina kosa. Kwa mtu anayefua nguo za nyumba yake, kidogo kidogo, na chumba chake ni cha kugeukia tu, inafaa. Kwa dobi haifai, maana ikikausha huwezi kufua, na ikiharibika umekosa vyote viwili. Mimi nitanunua ya kufua peke yake. Ya kukausha nikiipata nitaiweka juu yake, pembe ile ile. Kwa sasa kamba na jua na pasi vipo."

Kisha akamgeukia binti yake. "Nilishuku mashine, nikamshuku mdogo wangu, kumbe nilikuwa nalala nyumba moja na jibu. Mwanangu, kazi isiyoonekana ndiyo inayomgusa mtu ngozini. Umechelewa kusema kweli, lakini umesema kabla mama wa watu hajabeba mzigo usio wake. Hilo nalishukuru."

Muhamad alipona kabla mvua hazijaisha. Hajara alimwandikisha Juwairiya maneno haya kwenye kipande cha katoni, nakala mbili, moja ya mlango wa Mbale na moja ya Walukuba:

Usinunue mashine kabla hujaiona ikifua na kukausha nguo nyingi kama zako.
Usikaushe pipa lililojaa. Toa nusu.
Usipime ukavu kwa nguo ya juu. Shika ya chini.
Usianike nguo kivulini, wala kwenye majani.
Usimvalishe mtoto nguo iliyoanikwa nje bila kupigwa pasi.
Usiape kwa jambo unalojua si kweli.
Usiseme "nimepiga" wakati pasi ni baridi.