Lenah na Eksi ya Kipeo cha Tatu

Lenah Kebaso alifanya kazi katika kiwanda cha majani chai karibu na Kiptere. Kazi yake ilikuwa ya kunyausha majani. Majani mabichi yalipofika kutoka mashambani, yeye na wenzake waliyatandaza juu ya vitanda virefu vya waya. Feni zilipuliza hewa kutoka chini mpaka majani yalegee. Mara kwa mara Lenah alishika majani kidogo, akayafinya, akayanusa. Alijua bila kipimo chochote kama yako tayari.

Msimamizi wake, Bwana Gekara, alikuwa ameliona hilo.

"Lenah, pua yako inafaa maabara," alimwambia.

Kiwanda kilikuwa na nafasi moja ya kumpeleka mfanyakazi chuoni kwa miaka miwili. Angesomea upimaji wa vyakula na vinywaji, kisha arudi kufanya kazi maabara. Lakini Lenah alikuwa amepata D ya hesabu kidato cha nne. Chuo kilimtaka kwanza afanye kozi fupi ya hesabu na apite mtihani. Aliruhusiwa kuufanya mara tatu tu.

Mara ya kwanza alianguka. Mara ya pili alianguka tena.

"Imebaki moja," Gekara alimwambia. "Ukikosa hiyo, itabidi nipeleke jina la mtu mwingine. Si kupenda kwangu."

Siku hiyo Lenah alitembea hadi nyumbani. Alimkuta mumewe, Sagini, jikoni anasonga ugali. Tangu kozi ianze, Sagini ndiye aliyekamua ng'ombe, akapika, akamtayarisha binti yao Nelvine kwenda shule. Alifanya yote hayo pamoja na kuchuma chai yao kutwa. Aligeuka na mwiko mkononi.

"Mama Nelvine! Umepita?"

Lenah alitazama uso wake. "Nimepita," alisema. "Imebaki karatasi moja tu."

Hata yeye hakujua maneno hayo yametoka wapi. Sagini akamwita mama yake, mzee Nyambeki, na mama akaja akicheka na kumshika mkwewe mikono yote miwili. Lenah alikula ugali ule bila kuusikia ladha.

Jambo lililomwangusha lilikuwa moja. Kwenye mtihani swali liliandikwa hivi: "Tafuta vigawo." Chini yake kulikuwa na mstari mrefu wa eksi. Eksi yenye kipeo cha pili alikuwa ameizoea, maana aliisoma tangu kidato cha pili. Lakini hii ilikuwa na kipeo cha tatu, na nyingine cha nne. Mwalimu wa kozi alikuwa kijana mwenye haraka. Alijaza ubao, akafuta, akajaza tena. "Tuko pamoja?" aliuliza. Darasa lote liliitikia, "Ndiyo." Lenah naye aliitikia, ingawa hakuwa pamoja na mtu yeyote.

Jumamosi moja mchana alikaa mezani na daftari. Mzee Nyambeki alikuwa kando yake akiambua maharagwe.

"Hiyo eksi ni nini?" mama aliuliza.

"Ni namba ambayo hatuijui, mama."

"Hamuijui?"

"Hatuijui."

"Sasa kitu hamkijui, mnakikatakata vipande vya nini?"

Kozi ya miezi mitano haikuwa imemfundisha Lenah hilo. Alitazama tena daftari. Swali lilikuwa hili:

x³ − 4x² + x + 6

Kwenye simu alikuwa ameona video ya mtu akigawa mstari kama huo mara mbili, sehemu ya kushoto na ya kulia. Akafanya vivyo hivyo. Kushoto akapata x²(x − 4). Kulia akapata 1(x + 6). Mabano hayakufanana. Kwenye video yalifanana. Akayaunganisha kwa nguvu, akaandika: (x² + 1)(x − 4)(x + 6). Kisha akafungua jibu nyuma ya kitabu cha kozi. Halikuwa hata karibu. Akafuta mpaka karatasi ikatoboka.

"Pumzika, mwanangu," mama alisema. "Nenda sokoni uninunulie chumvi ya ng'ombe."

Duka la dawa za mifugo pale sokoni lilikuwa la Wanjuhi, ambaye wengi walimwita Mama Njenga. Wazazi wake walihamia hapa kutoka Nyeri alipokuwa mdogo. Lenah alimjua kama mtu wa kuuza dawa ya kupe na chakula cha kuku. Alipofika, aliweka daftari juu ya kaunta ili afungue pochi.

Wanjuhi alilitazama. "Nani anasoma hesabu?"

"Ni mimi, Mama Njenga. Lakini si kusoma. Ni kuchanganyikiwa tu."

"Nilifundisha hesabu sekondari miaka tisa," Wanjuhi alisema, "kabla sijafungua duka. Hukujua?"

Lenah hakujua. Nje mvua ya mchana ilikuwa imeanza kupiga mabati. Wanjuhi akamvutia stuli, akachana kipande cha katoni, akachukua kalamu.

"Niambie ni wapi ulipopotelea."

"Sijui," Lenah alisema. "Sijui hata mahali nilipopotelea. Kuna njia ya kugawa mara mbili, kuna ya kutoa kitu cha pamoja, kuna ya kubahatisha namba. Leo hii inakubali, kesho inakataa. Sijui ni ipi natumia lini. Na mama ameniuliza tunatafuta vipande vya nini, nimeshindwa kumjibu."

"Hilo la mama ndilo swali zuri kuliko yote," Wanjuhi alisema. "Tuanze nalo. Thelathini ni nini mara nini?"

"Tano mara sita."

"Na sita?"

"Mbili mara tatu."

"Kwa hivyo thelathini ni mbili mara tatu mara tano. Hivyo ndivyo vigawo. Ni namba zilizozidishwa zikatengeneza thelathini. Sasa huu mstari wako pia ulitengenezwa. Mtu alichukua mabano matatu, akayazidisha, akakuletea matokeo. Wewe unatafuta yale mabano. Ukiyapata, utajua ni wapi mstari wote unakuwa sifuri, na maswali mengi yanataka kujua hapo."

Lenah aliitikia kwa kichwa polepole.

"Usiitikie kama huelewi."

"Naelewa ya thelathini. Ya eksi bado."

"Sawa. Kwanza, angalia kama kuna kitu kiko kila mahali. Kama kila kipande kina eksi, au kila namba inagawika kwa mbili, kitoe nje. Hapa kipo?"

"Hakuna."

"Pili, kama vipande ni vinne, gawa mara mbili ujaribu. Mabano yakifanana, umepata. Yakikataa kufanana?"

"Nimeyalazimisha."

Wanjuhi akacheka. "Tupime ulichopata. Weka sifuri mahali pa eksi. Swali linakupa ngapi?"

"Sita."

"Na jibu lako?"

Lenah akahesabu kwa vidole. "Moja, mara kutoa nne, mara sita. Kutoa ishirini na nne." Akaitazama ile sita. "Kumbe si kitu kimoja."

"Si kitu kimoja. Yakikataa, yaache. Ndiyo unaenda kwa njia ya tatu. Tazama namba ya mwisho. Ni sita. Ni namba gani zinagawa sita?"

"Moja, mbili, tatu, sita."

"Pamoja na za kutoa. Chukua moja, uweke mahali pa eksi."

Lenah aliandika. Moja, kutoa nne, kujumlisha moja, kujumlisha sita. "Nne."

"Tunataka sifuri. Jaribu kutoa moja."

Mteja aliingia, mama mmoja wa Kipsigis aliyefunika kichwa kwa gunia. "Chamgei," alisalimia kwa lugha yake, akataka dawa ya minyoo. Wanjuhi alimhudumia. Lenah hakuinua kichwa. Kutoa moja kwa kipeo cha tatu ni kutoa moja. Kutoa nne. Kutoa moja tena. Kujumlisha sita.

"Sifuri!" alisema kwa sauti. Yule mama akashtuka.

"Kwa hivyo bano lako la kwanza ni lipi?" Wanjuhi aliuliza.

"Eksi kutoa moja."

"Hapana."

Lenah akahisi kichwa kimejaa ukungu tena. "Lakini namba ni kutoa moja!"

"Polepole. Kitu chochote ukikizidisha kwa sifuri kinakuwa nini?"

"Sifuri."

"Mstari umekuwa sifuri kwa sababu bano moja limekuwa sifuri. Sasa, eksi ikiwa kutoa moja, bano gani linakuwa sifuri? Eksi kutoa moja, au eksi kujumlisha moja?"

Lenah alijaribu la kwanza. Likampa kutoa mbili. Alijaribu la pili. Likampa sifuri.

"Eksi kujumlisha moja," alisema hatimaye. "Alama inageuka kwa sababu lazima namba ziuane."

"Hapo umesema kama mwalimu. Sasa ni kama thelathini. Umepata kigawo kimoja. Kilichobaki ni kidogo, na ni kipeo cha pili, ambacho unakijua." Akaandika: (x + 1)(x² … + 6). "Mwanzo lazima uwe x² ili tupate x³. Mwisho lazima uwe 6. Katikati tunataka ngapi? Swali lina kutoa nne za x². Hii moja ya bano la kwanza tayari inatupa moja."

"Kwa hivyo tunahitaji kutoa tano."

"Andika."

Lenah aliandika x² − 5x + 6. Hii aliijua. Namba mbili, ukizizidisha unapata sita, ukizijumlisha unapata kutoa tano. Mkono ulienda wenyewe: (x + 1)(x − 2)(x − 3). Alizidisha yote tena kutoka mwanzo ili ahakikishe, na mstari wa swali ukatokea kwenye katoni vilevile ulivyokuwa.

Alienda nyumbani amesahau chumvi.

Kwa wiki tano Lenah alipita dukani kila alipotoka kazini. Siku nyingine alielewa, siku nyingine ukungu ulirudi. Wanjuhi hakumruhusu aseme "ndiyo" bure. Na kadiri alivyozoea kusema "hapa sijaelewa," ndivyo ule uongo wa nyumbani ulivyomkera zaidi.

Jumapili moja baada ya chakula alimfuata Sagini kwenye zizi.

"Baba Nelvine, ile mara ya pili sikupita. Nilianguka. Nilikudanganya."

Sagini aliacha kufunga kamba. "Miezi miwili," alisema.

"Miezi miwili."

"Nimewaambia watu wote."

"Najua. Niliona aibu. Wewe ulikuwa unapika na kuhangaika, na mimi sikuwa naelewa kitu."

Sagini alimfungua ng'ombe, akampeleka malishoni. Jioni alirudi. Alimimina chai vikombe viwili, akamsukumia kimoja.

"Ungeniambia," alisema. "Hesabu mimi siijui. Lakini kuanguka nakujua. Kafanye huo mtihani. Na ukitoka, uniambie kilichotokea."

Siku ya mtihani, swali la nne lilikuwa hili: x³ − 7x − 6. Vipande vilikuwa vitatu tu! x² ilikuwa wapi? Hakuna cha pamoja, na vitatu havigawanyiki mara mbili vizuri. Kwa dakika nzima alikuwa yule Lenah wa zamani. Kisha akajiuliza kimoyomoyo, "Ni wapi nimepotelea?" Akajijibu, "Kwenye x². Haipo." Kama haipo, basi x² ziko sifuri. Akaandika 0x² kwenye pengo. Alijaribu moja, ikakataa. Alijaribu kutoa moja, ikawa sifuri. Akaandika (x + 1), na alama hakukosea. Katikati alihitaji sifuri za x², na tayari alikuwa na moja, kwa hivyo akaweka kutoa moja: x² − x − 6. Kisha (x + 2)(x − 3). Akazidisha tena, ikarudi sawasawa.

Matokeo yalitoka baada ya wiki tatu. Gekara mwenyewe alileta karatasi kwenye vitanda vya majani. Lenah aliisoma akiwa amesimama kwenye hewa ya feni. Sitini na nne. Aliyepata hamsini alikuwa amepita.

Nyumbani, Sagini alinyoosha mkono kabla Lenah hajasema kitu. "Wacha nione karatasi."

Lenah alimpa. Alijua kwa nini ameitaka, na hakukasirika. Sagini aliisoma mara mbili, kidole kikifuata jina na namba. Kisha akaketi kwenye ngazi, akafuta macho kwa mkono wa shati.

"Sitini na nne," alisema. "Na ni kweli."

Mwezi wa tisa Lenah alianza chuo. Wiki ya kwanza mwalimu wa kemia alijaza ubao, akageuka, akauliza, "Tuko pamoja?" Darasa lote liliitikia, "Ndiyo."

Lenah aliinua mkono.

"Mimi nimepotelea mstari wa tatu," alisema.

Msichana aliyekaa nyuma yake naye akainua mkono. Kisha wavulana wawili karibu na dirisha. Mwalimu alihesabu mikono tisa, akachukua kifutio, akarudi mstari wa pili.