Namba Saba ya Bwana Tsou

Nianze na kosa langu, maana hata nikinyamaza Mungu analijua: namba saba niliifuta mimi, kisha nikaipa kazi nyingine.

Ofisi yetu ya Hsinchu, Taiwan, hutengeneza vifaa vya kuwalinda wazee wanaoishi peke yao. Kila habari inayotumwa na kifaa husafiri na namba yake badala ya jina. Saba ilikuwa kitufe cha "naomba msaada". Wazee waliibonyeza ovyo, nikaitoa kwenye orodha. Hata mimi wa chuo cha ufundi najua kwamba namba iliyofutwa hufungwa, haipewi habari nyingine. Lakini nilikuwa na haraka. Saba nikaifanya "mlango umefunguliwa", nikaandika amri, na programu inayogeuza orodha kuwa msimbo ikanyamaza. Ikinyamaza, imekubali.

Wiki ileile Bwana Tsou, mgane na Mwislamu mwenzetu aliyekuwa akikijaribu kifaa nyumbani kwake, alikutwa amekufa. Ilikuwa siku yake ya nne sakafuni. Kifaa chake kikatolewa betri, kikawekwa kwenye droo yangu.

Kesho yake mchana, taa zimezimwa, kila mtu amelala kichwa mezani kama ilivyo desturi ya ofisi baada ya chakula, nikasikia harufu ya mafuta ya kafuri aliyokuwa akijipaka Bwana Tsou. Kioo cha kompyuta yangu kikawaka: *Chumba cha Tsou. Mlango umefunguliwa.*

"Dada Kuo," nikamnong'oneza mwenzangu wa meza ya jirani, "nani kawasha kifaa cha marehemu?"

"Hakina betri, wewe. Lala. Tambi zimekulevya."

"Njoo uone."

Akaja na mto wake kifuani. Ujumbe ukaingia tena, na tena, harufu ikizidi, na ndani ya droo kukawa na mlio mdogo wa kidole kinachobonyeza, kinapumzika, kinabonyeza, kama cha mtu aliyelala sakafuni ambaye nguvu zinamwisha na bado anaamini kuna anayesikia.

"Kaka Ma," Kuo akasema polepole, "mlango gani unafunguliwa mara arobaini? Saba ilikuwa nini zamani?"

Nikaifungua orodha ya zamani, nikamwonyesha.

"Kifaa chake bado kilitumia orodha ya zamani. Alikuwa anakuita."

Imamu alikuja akasoma dua. Saba nikaifunga, sasa anayejaribu kuitumia, programu inamkatalia. Harufu imekwisha. Lakini kila mchana huingia ujumbe mmoja wenye saba, namba isiyo na jina tena. Mashine haiusomi wala haiutupi, huupitisha tu. Wenzangu wakilala, mimi hukaa macho nikiungoja.

Kama kwenu yupo anayeishi peke yake, nakuomba umpigie simu leo, hata kama huna la kumwambia.