Maji ya Kijani Nyuma ya Ukuta

Asubuhi ile ya Jumamosi Mnong'ono alikuwa amechuchumaa penye bomba la uani, anasugua raba zake za shule kwa mswaki mkuukuu. Raba zenyewe zilikuwa nyeupe zamani. Sasa zilikuwa na rangi ya chai ya maziwa, lakini hakukata tamaa. Alisugua, akasuuza, akasugua tena, huku akimsikiliza baba yake akigombana na teksi.

"We gari we," baba alikuwa anasema, kichwa kikiwa ndani ya boneti. "Nakulisha, nakunywesha, halafu unanichemkia mbele ya abiria! Huna haya?"

Mnong'ono halikuwa jina lake la kuzaliwa, lakini shuleni na mtaani hakuna aliyemwita vingine. Sauti yake ilikuwa ndogo mno. Akiulizwa swali darasani alijibu sawasawa, ila jibu liliishia kwa mwenzake wa dawati. Bahati nzuri mwenzake wa dawati alikuwa Redio, mtoto wa nyumba ya jirani, mwenye sauti ya kuvuka barabara. Mnong'ono akisema chini, Redio anapokea na kutangaza. Darasani, "Mwalimu, anasema ni robo tatu!" Dukani, "Anasema anataka kipande cha sabuni, na si kile kilichovunjika!" Walikuwa hivyo tangu chekechea, na watu walishazoea.

Injini ilipopoa, baba alilala chini ya gari, akalegeza kizibo cha rejeta, tangi la maji ya kupozea injini. Maji ya kijani, mazito kidogo, yakatiririka kwenye beseni. Mnong'ono akasogea. Yalikuwa ya kijani cha kupendeza, kama juisi ya kwenye sherehe.

"Usiguse," baba akasema kutoka chini. "Hiyo kulanti. Ndiyo inayozuia injini isichemke. Hii imechoka, naweka mpya."

Alitoka, akakata chupa ya plastiki ikawa faneli ya kumiminia, akajaza ile kulanti kwenye dumu dogo na kufunga kifuniko.

"Haya mama, nipelekee hii kwa fundi wa gereji ya kona. Ana pipa lake la kulanti chakavu, kuna watu wanakuja kuchukua. Mwambie ni ya baba. Usimwage popote, umenisikia?"

"Ndiyo, baba."

Kusikia alisikia. Tatizo lilikuwa gereji yenyewe. Mafundi wa pale walikaa juu ya matairi, na kila alipopita akisema "Shikamooni", mmoja wao aliweka mkono wa grisi sikioni. "Nini? Hatusikii huku! Ongeza sauti, mtoto wa teksi!" Wote wakacheka. Hawakuwa na ubaya, lakini Mnong'ono alitamani ardhi ipasuke aingie. Na asubuhi ile Redio wa kumsemea hakuwepo, alikuwa sokoni na mama yake.

Akabeba dumu. Alipokaribia kona akasikia kicheko, pengine cha mambo yao wenyewe. Miguu ikagoma. Akageuka, akarudi kwa uchochoro wa nyuma, kati ya ukuta wao na ukuta wa kina Redio, pale maji ya kufulia yanapotokea na kuishia kwenye kijishimo. Akatazama huku na huku.

Ni maji tu, akajiambia. Maji yenye rangi. Jua litayakausha.

Akamwaga. Akasukumia mchanga kwa ncha ya ndala, mchanga ukazama, dimbwi likabaki linang'aa. Akaliacha, akarudi uani na dumu tupu.

"Umefikisha?" baba akauliza.

"Ndiyo."

"Fundi amesemaje?"

Hapo angeweza kusema fundi hakusema kitu. Lakini uongo ukishatoka mmoja unataka mwenzake.

"Amesema asante sana. Anakusalimia."

"Yule fundi muungwana kweli," baba akasema, akatabasamu, akaendelea kujaza kulanti mpya. Mnong'ono akarudi kwenye raba zake.

Baada ya chakula cha mchana sauti ikaruka ukuta. "Mnong'ono! Njoo uone! Bosi amelewa!"

Bosi alikuwa mbwa wa kina Redio, wa kahawia, sikio moja limesimama na lingine limelala. Mnong'ono alipofika aliwakuta watoto wamejishika mbavu. Bosi alikuwa anakatiza uani hatua moja mbele, mbili kando, miguu ya nyuma ikikataa amri. Redio alikuwa anatangaza kama mpira. "Anakwenda, anakwenda, anamkwepa kuku, anayumba... lo! Amegonga ndoo!"

Mnong'ono naye akacheka, kiganja mdomoni.

Kisha Bosi akainama akatapika. Yalitoka mapovu, na ndani ya mapovu kulikuwa na ukijani. Kicheko cha Mnong'ono kikakatika palepale.

Mama yake Redio, ambaye alikuwa fundi cherehani, akatoka ndani na futi yake ya kupimia ikining'inia shingoni. Akamtazama mbwa mara moja tu.

"Huyu hajalewa. Huyu amelishwa kitu."

Macho ya majirani waliokusanyika yakavuka barabara, yakatua kwa muuza mkaa. Siku chache nyuma Bosi alikuwa amekojolea magunia yake, na mzee yule alipiga kelele, "Iko siku nitakulisha kitu, we mbwa!" Mtaa mzima ulisikia, na ambao hawakusikia walihadithiwa na Redio.

"Mimi?" muuza mkaa akashangaa, mikono myeusi kifuani. "Jamani, yale maneno ya hasira! Mimi hata panya wa kibandani kwangu wamenishinda, wanakula unga wangu na kuniangalia usoni!"

Siku nyingine wangecheka. Leo hakuna aliyecheka. "Aitiwe polisi," mtu mmoja akasema. Muuza mkaa akakaa juu ya gunia, akajiinamia.

Daktari wa mifugo aliyepigiwa simu alifika na pikipiki, mama mmoja mwenye buti za mpira na begi la ngozi lililochubuka. Akapiga magoti, akamfunua Bosi mdomo, akamgusa fizi.

"Amekula nini?"

"Sumu ya panya," mama yake Redio akasema. "Kapewa na yule pale."

"Umemwona akimpa?"

"Nilimsikia akisema atampa."

"Dada yangu, nikitibu kwa maneno nitamuua mbwa wako. Sumu ya panya ina dawa yake, na sumu nyingine zina zake. Nikikosea, tutapoteza muda na figo zitakufa." Akainua macho. "Hakuna aliyeona amelamba nini?"

Baba yake Mnong'ono alikuwa amefika, mikono bado ina oili. Redio alikuwa amekaa chini, kichwa cha Bosi mapajani, machozi yanamtoka bila sauti.

Mnong'ono alikuwa amejibanza ukutani. Akisema, watajua wote. Watajua kwamba amemwaga, amedanganya, na kwamba muda mfupi uliopita alikuwa anacheka. Akamtazama muuza mkaa pale juu ya gunia. Akamtazama Bosi, mbavu zikipanda na kushuka.

Akajisogeza, akachuchumaa karibu na Redio, akasema chini kama alivyozoea. "Ni mimi. Nilimwaga kulanti ya baba nyuma ya ukuta."

Redio akainua uso. Mnong'ono akasubiri. Mwili mzima ulisubiri lile neno la siku zote, "Anasema..."

Halikuja. Redio alimwangalia, akamwangalia tena, halafu akarudisha macho kwa mbwa wake na kufunga mdomo.

Kwa kukosa jibu jingine, daktari alikuwa ameshavuta dawa ya sumu ya panya kwenye sindano.

"Ni mimi," Mnong'ono akasema. Hakuna aliyegeuka. Akasimama. "Daktari, ni mimi!"

Sauti ilitoka nyembamba, mbaya, imepasuka katikati. Lakini ilifika mpaka ng'ambo ya barabara, maana hata muuza mkaa aliinua kichwa.

"Wewe umefanyaje, mwanangu?"

"Nilimwaga kulanti. Ya gari. Ya kijani. Asubuhi, hapo nyuma."

"Si uliniambia fundi amesema asante?" baba akauliza. Hakufoka. Angefoka ingekuwa afadhali.

"Hakusema, baba. Sikufika."

Daktari akaweka sindano chini. "Nionyeshe."

Wakaenda nyuma ya ukuta, watu wakiwafuata. Dimbwi lilikuwa limepungua, na kandokando yake nyayo za mbwa zilikuwa zimejaa. Daktari akatikisa kichwa.

"Ndiyo yenyewe. Ubaya wake ni tamu. Mnyama anailamba akidhani kapewa zawadi, kumbe inakwenda kumla figo. Sindano ile isingemsaidia kitu. Dawa ya hii iko kwangu kliniki, na ni ya kuwahi. Gari la nani lile?"

"Langu," baba akasema, tayari anatafuta ufunguo mfukoni.

Wakampakia Bosi kiti cha nyuma. Redio akaingia naye. Mnong'ono alishika mlango, akataka kusema neno, lakini Redio aliuvuta akaufunga.

Teksi ikaondoka. Watu wakabaki, na Mnong'ono akabaki katikati yao. Hakuna aliyemtukana. Walimpisha tu njia kama mtu aliyebeba kitu kichafu, na hilo lilimuuma kuliko tusi. Mama yake Redio alipita mbele yake kama hamwoni, akaingia ndani. Mnong'ono akavuka barabara.

"Shikamoo, babu. Nisamehe."

"Marahaba." Muuza mkaa alimwangalia. "Mchana mzima nimekuwa muuaji hapa, mjukuu wangu. Hata wa kununua mkaa wa kuwashia jiko hakuja."

"Nisamehe, babu."

"Nimesikia. Na nimekusikia vizuri, leo una koo." Akajifuta uso, akajipaka weusi zaidi. "Mdomo wangu nao umeniponza. Nenda nyumbani."

Jua lilikuwa linazama baba aliporudi. Hakuingia ndani kwanza. "Tumewahi," alisema. "Yuko kwenye dripu, atakaa huko siku kadhaa. Daktari anasema figo bado zinafanya kazi, atapona." Hapo ndipo Mnong'ono alipolia, na baba akamwacha alie. Kisha akampa glavu. "Twende tukasafishe."

Baba alikuwa ameomba vumbi la mbao kwa seremala. Wakalimwaga juu ya dimbwi likanywa kile kijani mpaka likawa tope. Wakachota tope lile kwa koleo, na udongo wa chini yake, mpaka wakafika kwenye udongo mkavu. Wakatia kwenye gunia la plastiki, wakafunga mdomo kwa kamba, wakafukia shimo kwa udongo mwingine. Kazi yote hiyo baba hakusema naye ila "shika hapa" na "leta".

Asubuhi wakabeba gunia pamoja mpaka gereji. Mafundi walikuwa juu ya matairi yao.

"Shikamooni," Mnong'ono akasema.

Fundi mkubwa akaweka mkono sikioni. "Nini? Hatu..."

"Shikamooni! Nimeleta udongo wenye kulanti. Jana nilitumwa niilete kulanti yenyewe, nikaogopa kupita hapa, nikaimwaga. Mbwa akainywa. Nikamwambia baba kwamba wewe umesema asante."

Mkono ukashuka kutoka sikioni. Hakuna aliyecheka. Fundi akatazama chini, akachezea spana yake.

"Kumbe utani wetu ulifika huko," akasema. "Basi tumekoma, binti. Njoo." Akawaonyesha pipa lenye kifuniko lililoandikwa kwa rangi nyeupe. "Kulanti hapa. Oili chafu kule. Hatuchanganyi, zikichanganyika wachukuaji wanazikataa. Gunia lako tutaliweka pembeni, wakija wataambiwa lina nini."

Njiani kurudi, baba alipunguza mwendo.

"Na mimi nina kosa langu," akasema. "Nilikwambia usimwage, sikukwambia kwa nini. Sasa nakwambia. Kinachotoka kwenye gari hakimwagwi mtaroni, wala shimoni, wala chooni. Kinafungwa kwenye dumu, kinawekwa mbali na watoto na wanyama, mpaka kifike kwa mwenye kazi yake. Hilo kila mtu anaweza kulishika. La pili ndilo gumu. Pale ukutani ulikuwa unaiogopa aibu, si ndiyo?"

"Ndiyo."

"Na umeipata?"

"Nimeipata, baba."

"Umeipata yote, na nyongeza juu. Mbwa karibu afe na mzee wa watu kaitwa muuaji. Siku nyingine, mama, ukikosea, njoo uniambie palepale, aibu ikiwa bado ndogo. Nitakasirika, lakini tutasafisha wawili."

Wakatembea kidogo.

"Na Redio?" Mnong'ono akauliza.

"Redio mtafute mwenyewe."

Jioni aliomba simu ya mama yake. Akakaa kizingitini, akaandika, akafuta, akaandika tena, mpaka ikabaki hivi:

"Redio ni mimi. Nilimwaga kwa sababu niliogopa kupita gereji peke yangu. Nilipomcheka Bosi nilikuwa sijajua. Halafu nikajua na nikanyamaza. Huko kunyamaza ndiko naomba unisamehe. Kesho nakwenda kwa daktari kumwona, na wewe ukitaka twende wote. Usipotaka sawa."

Akatuma kwenye simu ya mama yake Redio. Ng'ambo ya ukuta cherehani iliyokuwa inakimbia ikasimama. Tiki mbili zikageuka bluu. Juu pakaandikwa kwamba mwenzake anaandika, kisha pakafutika.

"Hujamaliza na hiyo simu?" mama akauliza kutoka ndani.

"Bado kidogo, mama."

Cherehani ikaanza tena. Mnong'ono akaweka simu gotini, kioo juu. Kikazimika. Akakigusa kikawaka. Ujumbe wake ulikuwa palepale, wa mwisho, na chini yake hapakuwa na kitu.